Jinsi Nkwabi Alivyopanda Cheo kwa Kulala

Nchi ninayoisimulia hapa ina mipaka, ina bendera, na ina wimbo wa taifa mrefu kiasi kwamba wakubwa wake huusikiliza wakiwa wamekaa. Jina lake silitaji. Wenyewe ni wepesi wa kununa, na mkubwa wa nchi ile akinuna, wanaoshikwa na homa ni wadogo.

Katika nchi hiyo, kulala mkutanoni ni heshima. Usicheke, ndivyo walivyo. Diwani husinzia kwa adabu, kidevu kifuani. Mbunge hulala kinywa wazi. Waziri hukoroma, na waziri asiyekoroma watu huanza kunong'ona kwamba siku zake zinahesabika. Mtu mdogo ndiye anayetakiwa kuwa macho, apige makofi panapotakiwa makofi. Akisinzia yeye, anafukuzwa kazi hapohapo, ila anafukuzwa kwa sauti ya chini wakubwa wasije wakaamka.

Basi, hapo makao makuu aliishi mama mmoja aitwaye Nyamizi. Alikuwa akipika wali na maharage kwenye lango la Wizara ya Afya na Sherehe. Mumewe, Nkwabi, aliajiriwa ndani ya wizara hiyohiyo, Idara ya Mbung'o na Malale, na kazi yake ilikuwa kwenda porini kutega mbung'o, wale inzi wakubwa wanaouma ng'ombe na watu na kuwaachia vijidudu vya malale kwenye damu. Mwenye malale huanza na homa na kuumwa kichwa. Baadaye usingizi unahama, usiku halali, mchana haamki. Akili inavurugika, na asipotibiwa anakufa. Nyamizi aliyajua haya kwa kuwa Nkwabi alikuwa msimuliaji, akianza habari za mbung'o maharage yanaungua jikoni na yeye hajafika katikati.

Mtego wenyewe ni kitu rahisi, kitambaa cha buluu kilichopakwa sumu, kinatundikwa kwenye vijiti. Mbung'o ana udhaifu huo mmoja, akiona buluu hajizuii. Mataifa rafiki yakasikia, yakaleta meli nzima ya marobota ya kitambaa cha buluu, kizuri, kizito, kisichochuja.

Mkurugenzi wa idara alilipapasa robota la kwanza kwa viganja viwili, akatikisa kichwa. Akasema kumvalisha inzi kitambaa cha namna ile huku watumishi wa umma wakivaa viraka ni kulidharau taifa. Wakaitwa mafundi. Wakubwa wote wa wizara wakashonewa suti za buluu, na kwa kuwa walivaa ofisini ambako mbung'o hakai, hakuna aliyedhurika. Kisha, isije ikasemwa kwamba wadogo wamebaguliwa, ikatoka amri kwamba kila mtumishi aendaye porini avae suti hiyo, kulinda hadhi ya idara. Kitambaa cha mitego hakikubaki. Sumu nayo ilikuwa imeshapulizwa kwenye nyumba ya kulala wageni ya shemeji wa mkurugenzi, palipokuwa na kunguni.

Hivyo Nkwabi na mwenzake Masalu wakaingia porini mikono mitupu, wamevaa suti. Serikali ilikuwa imewatuma kutega mbung'o, na chambo ni wao. Walirudi masikio yamevimba, mikono imejaa alama, na mkurugenzi akawapongeza kwa unadhifu.

Homa ilimshika Nkwabi mvua zilipoanza. Nyamizi akampa dawa za malaria, ikatulia, ikarudi. Vikamtoka vinundu nyuma ya shingo, chini ya kisogo, laini kama kunde zilizolowekwa. Akawa usiku anazunguka uani kama mlinzi, mchana anasinzia kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Baba Shija, hebu twende hospitali," Nyamizi alimwambia.

"Kesho. Leo kuna semina, Mtukufu mwenyewe anakuja."

Mtukufu ndiye rais wao. Semina ilihusu Taifa Lililo Macho Kiafya, na Nkwabi alipangiwa kushika kipaza sauti cha akiba karibu na jukwaa. Mtukufu alihutubia kwa dakika chache za mwanzo vizuri tu. Kisha ukasikika mkoromo. Haukuwa wa waziri, watu waliijua mikoromo ya mawaziri wao mmoja mmoja. Huu ulitoka kwenye spika zote nne, mnene, wa kushuka na kupanda, kwa kuwa Nkwabi alikuwa amelala amekumbatia kipaza sauti kifuani.

Ukumbi uliganda. Hakuna mtu aliyewahi kulala mbele ya Mtukufu namna ile. Hata mawaziri waliamka kutazama.

Sasa sikiliza jinsi akili ya nchi ile inavyofanya kazi. Kama ni mdogo, asingethubutu. Amethubutu, kwa hiyo si mdogo. Si mdogo, lakini kavaa viatu vilivyolika visigino, kwa hiyo amejificha. Mtu wa kujificha hivyo ni wa nani? Huyu ana mtu wake juu, tena juu sana. Waziri wa Afya na Sherehe, Mheshimiwa Fumbwe, akamuuliza katibu wake kwa jicho, katibu akamuuliza mkurugenzi kwa jicho, na kila mmoja akaona aibu kuonekana hajui. Mtukufu naye alidhani ni mtu wa mke wake. Akacheka, akasema, "Kijana ana uzito."

Neno hilo lilitosha. Jioni ileile Nkwabi akawa mkurugenzi msaidizi. Mwezi haukuisha, mkurugenzi wa suti akahamishiwa wizara ya mambo ya maji, na Nkwabi akakalishwa kwenye kiti chake, kikubwa, chenye kuegemea, ambacho kwa mtu mwenye malale ni kitanda.

Nyumba ya serikali ikaja, gari likaja, na mlinzi akaja wa kumzuia Nyamizi kuuza wali, kwa kuwa mke wa mheshimiwa hapiki langoni. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mama mzazi wa Nkwabi, Bi Kabula, aliyesafiri kutoka kijijini na kuku watatu kuja kushuhudia.

"Mwanangu ametukuka," alisema Bi Kabula, akimtazama mwanawe aliyejikunja kwenye sofa saa nne ya asubuhi. "Angalia anavyolala. Baba yake hakuwahi kulala hivi."

"Mama, mwanao anaumwa."

"Wivu huo, mwanangu. Mwanamume akipata, mke anamwona mgonjwa."

"Jana ameniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Juzi amevaa shati miguuni. Mama, mshike hapa nyuma ya shingo."

Bi Kabula alimshika, akavipapasa vile vinundu taratibu. Uso ukambadilika kidogo, lakini mlangoni waliingia wageni waliokuja kuomba kazi, na mama akakumbuka kwamba yeye ni mama wa mkurugenzi. Akasema ni mafuta, mtu akila vizuri huwa hivyo.

Upande wa pili wa mji, Masalu naye alikuwa ameanza kulala. Aliumwa na mbung'o walewale, porini palepale, amevaa suti ileile. Ila Masalu alisinzia stoo, mbele ya karani, si mbele ya rais. Alifukuzwa kwa uvivu. Nyamizi alipokwenda kumjulia hali, alimkuta amekaa kwenye gogo mbele ya chumba chake cha kupanga, mate yanamdondoka.

"Shemeji," Masalu alisema kwa ulimi mzito, "nasikia ndugu yangu amekuwa mkubwa. Mwambie na mimi naumwa ugonjwa wake."

Nyamizi alirudi nyumbani amekaza meno. Siku hiyohiyo alimpakia mumewe garini, akampeleka hospitali kuu kwa Dakta Mbonea, aliyesomea malale ng'ambo miaka mingi na kurudi kupangiwa kutibu meno. Dakta alimgeuza Nkwabi kichwa, akagusa shingo mara moja tu, akaondoa mkono na kwenda kufunga mlango.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua. Ni yenyewe, dakta?"

"Ni yenyewe. Inabidi nichukue maji ya uti wa mgongo nijue kama imeshafika kwenye ubongo. Dawa ipo. Vidonge, anameza siku chache tu na chakula, anapona. Imeletwa bure na shirika la dunia, imejaa ghala zima."

Nyamizi alishanyanyuka. "Sasa unangoja nini?"

Dakta Mbonea alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mwema, na katika nchi ile mtu mwema hufuta sana miwani.

"Mama, nielewe. Huyu ni mkurugenzi. Amepata cheo kwa kulala. Nikisema usingizi wake ni ugonjwa, nitakuwa nimesema nini kuhusu wengine? Kesho Baraza zima la Mawaziri litatakiwa kulazwa kifudifudi lichomwe sindano ya mgongo. Mwenzangu mmoja alithubutu kumwambia mbunge apime. Sasa hivi anatibu mbuzi wa magereza."

"Mimi sina habari na baraza. Mpe mume wangu dawa."

"Kuna jingine. Tumeshaiarifu dunia kwamba hapa kwetu malale imekwisha, wagonjwa sifuri. Shirika linakuja kutupatia ngao ya heshima. Dawa haitoki ghalani bila mgonjwa, na mgonjwa hatambuliki mpaka athibitishwe na Mkurugenzi wa Mbung'o na Malale."

"Ambaye ni nani?"

Dakta alimtazama Nkwabi, aliyekuwa amelalia meza ya meno, viatu vinaning'inia.

Hebu na wewe utulie kidogo uone uovu wa jambo hili. Dawa ipo. Haikununuliwa na mtu, haidaiwi na mtu, imekaa gizani kwenye maboksi mita mia kutoka kwenye kitanda cha mgonjwa. Huko ng'ambo nako wamewahi kuwa na kiwanda kilichoacha kutengeneza dawa moja ya malale kwa sababu wanaoumwa hawana cha kulipa, kikaja kuanza tena ilipoonekana dawa hiyohiyo inazuia ndevu kwenye videvu vya mabibi. Kwa hiyo usidhani upumbavu ni mali ya nchi moja. Lakini hawa wa kwetu, maana nao ni binadamu na wana watoto, hawa walikuwa na dawa mkononi.

Nyamizi hakukata tamaa. Alimvizia mumewe. Malale huwa na nafasi zake, kuna saa wingu linapasuka na mtu anarudi. Alikaa naye barazani, anampepea, anamwosha uso kwa maji baridi, mpaka mchana mmoja Nkwabi akafumbua macho na macho yale yalikuwa yake mwenyewe.

"Mama Shija," alisema. "Mimi naumwa."

"Najua, mume wangu."

"Si cheo hiki. Nasikia kama naitwa kutoka shimoni, nataka kuitika, siwezi. Usiwaache waniache hivi." Akalia, na Nyamizi akalia, na Bi Kabula aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji akageukia ukutani.

Hapohapo Nyamizi akamletea karatasi. Nkwabi akaandika kwamba yeye, mkurugenzi, anathibitisha kuna mgonjwa wa malale, naye ni yeye. Akatia saini. Kabla wino haujakauka alikuwa amelala.

Bi Kabula mwenyewe ndiye aliyeishika ile karatasi mpaka wizarani, ametangulia mbele, khanga kiunoni, hataki kusikia la mlinzi. Waziri Fumbwe aliwapokea vizuri, akawaagizia soda. Akasoma. Akasoma tena. Akaita mwanasheria wa wizara, ambaye ni mtoto wa dada yake, aliyekuja na karani wake, ambaye ni mdogo wa mke wake.

"Mheshimiwa, hapa pana tatizo," alisema mwanasheria. "Mkurugenzi anajithibitisha mwenyewe ili apate dawa ya serikali yeye mwenyewe. Huo ni mgongano wa maslahi."

"Ni nini?" aliuliza Bi Kabula.

"Ni kujipendelea, bibi. Sheria hairuhusu."

Waziri alikunja uso kwa uchungu wa mtu anayelinda mali ya umma. "Mama zangu, mimi ningependa sana. Lakini tukianza kupendeleana, nchi hii itakwenda wapi?"

Wallahi, ndivyo alivyosema. Sheria ile ilitungwa enzi za babu zao, haikuwahi kutumika hata mara moja, na siku ilipotolewa kabatini ikakung'utwa vumbi, ilitolewa ili kumnyima mgonjwa vidonge vya bure.

"Athibitishwe basi na mkurugenzi mwingine," Nyamizi alisema.

"Hakuna mwingine mpaka huyu astaafu au afe," alisema mwanasheria, na kwa heshima akawamiminia soda iliyobaki.

Siku ya kupokea ngao, Nkwabi alivalishwa suti, akabebwa na watu wawili wenye miwani myeusi na kukalishwa mbele kabisa, kando ya Mtukufu. Nyamizi alipewa kiti cha nyuma miongoni mwa wake za waheshimiwa. Alikuwa amejipanga. Wageni wa dunia watakuwepo, alijiambia, hao ni madaktari, hawaogopi waziri.

Alimwahi mama mmoja wa kizungu, mwenye nywele nyeupe, mkuu wa msafara wa shirika, kabla hajapanda jukwaani. Akamwambia kwa Kiswahili, na mkalimani akatafsiri huku anatoka jasho, "Yule mume wangu ana malale. Nenda ukamshike shingo."

Yule mama alikwenda. Nisimsingizie, alikwenda. Alijifanya anamsalimia Nkwabi, akapitisha vidole nyuma ya kola, na Nyamizi akauona uso wake ukipauka. Alirudi akamshika Nyamizi mikono yote miwili. Alisema ushuhuda wake umemgusa sana. Alisema mwakani kuna kongamano katika mji wenye ziwa na theluji, na angependa Nyamizi akazungumze, kiti kipo, kwa niaba ya jamii zilizoathirika. Kuhusu leo, alisema, ngao imeshachongwa na tarehe imeshachongwa juu yake, na nchi ikirudishwa kwenye hesabu za wagonjwa, wafadhili watavunjika moyo duniani kote. Ila wataunda timu ya utafiti.

"Atakuwa amekufa," Nyamizi alisema.

Mkalimani hakuitafsiri hiyo.

Muziki ukapigwa, wimbo wa taifa ukaimbwa wakubwa wakiwa wamekaa, na Mkurugenzi wa Mbung'o na Malale akaitwa kupokea ngao. Hakuinuka. Akaitwa tena kwa vyeo vyake vyote. Kichwa kilikuwa kimeegemea bega la Mtukufu.

Waziri Fumbwe alinyanyuka kwenda kumtikisa, lakini Mtukufu aliinua kidole. "Mwacheni," alisema. "Huyu amefanya kazi kubwa."

Ukumbi mzima ukaguna kwa mapenzi. Mshereheshaji akawaomba wageni wapige makofi bila sauti, na watu mia sita wakapunga mikono hewani. Bendi ikaambiwa iweke ala chini. Wapiga picha wakavua viatu. Ngao ikaletwa kwa kunyata, ikawekwa mapajani kwa Nkwabi, nzito, inameta, na ikaanza kuteleza.

Nyamizi aliiona inateleza. Nkwabi aliyekuwa usingizini siku zote hizo alikuwa angalau anakunja vidole ukimpa kitu. Safari hii vidole havikukunjika.

"Mwamsheni," alisema.

"Shh," walisema wake za waheshimiwa.

"Mwamsheni mume wangu." Alishaanza kushuka ngazi. Wale wa miwani myeusi wakamdaka, mmoja akamziba mdomo, akamnong'oneza kwa adabu kabisa, "Mama, tafadhali, usimsumbue mheshimiwa." Nyamizi akamng'ata kiganja. Wakambeba juujuu, miguu inapiga hewa, mbele ya watu mia sita waliokuwa wamejiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, mawaziri, mabalozi, madaktari wa dunia nzima, wote kimya, wote wanalinda usingizi wa mtu ambaye hakuwa na pumzi. Jamani, mimi hadithi hii nimeisimulia mara nyingi na hapa kila mara nataka kutukana.

Ngao ilipoanguka sakafuni ndipo Mtukufu alipogeuka, akaligusa shavu lililokuwa begani mwake, likamjibu kwa baridi. Aliruka mpaka upande wa pili wa jukwaa. Hakuna aliyewahi kumwona akiruka.

Taarifa ya serikali ilisema mkurugenzi amefariki kwa amani, usingizini, akiwa kazini. Alizikwa kwa mizinga. Bi Kabula alirudi kijijini siku ya pili yake, hakukubali gari la serikali, hakuaga mtu isipokuwa mkwewe.

"Nilimshika shingo kwa mkono huu," alimwambia Nyamizi.

Nyamizi hakuwa na wa kumtibu tena nyumbani. Lakini alimkumbuka Masalu. Na sasa kulikuwa na mkurugenzi mpya, mzima wa afya, ambaye angeweza kuthibitisha mgonjwa mwingine bila kujipendelea. Matanga yalipoisha tu, alikodi mkokoteni wa kubebea maji, akamlaza Masalu juu ya gunia, wakamsukuma, yeye na mwenye mkokoteni, mpaka hospitali kuu. Masalu alikuwa bado anameza ukimwekea kitu ulimini. Alikuwa bado anaitika jina lake.

Dakta Mbonea aliwaona tangu mlangoni. Hakusogea.

"Nimeshapita kwa mkurugenzi mpya," Nyamizi alisema, anahema. "Amethibitisha. Niandikie vidonge vya huyu, vya kumtosha, nikampikie uji anywe navyo."

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Ghala si hilo hapo?"

"Ghala halina kitu." Dakta alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta, aliishika tu. "Jioni ile ya ngao, waheshimiwa waliogopa. Walikuja na magari, wao na wake zao na mashemeji. Mtukufu alichukua maboksi kumi ya akiba. Kufika alfajiri hapakubaki hata kidonge cha kudondoka."

"Waliwapima?"

"Hakuna aliyekubali kupimwa."

Nyamizi alimtazama Masalu kwenye mkokoteni, mdomo wazi, inzi wa kawaida wanamtembelea. Akamgeukia dakta.

"Lakini ni wagonjwa? Angalau mmoja wao ni mgonjwa?"

"Hapana, mama," alisema Dakta Mbonea. "Wale wanalala tu."